Vidole Viwili Juu ya Kichwa

Alvin Drabek alikuwa mwoga. Hollywood nzima mtu mmoja tu ndiye aliyelijua hilo, na mtu huyo alizikwa mwezi wa pili, siku ya mvua, kwenye kilima cha makaburi kilicho nyuma ya njia ya tramu.

Wengine wote walimjua kwa jina jingine. Brick Stroud. Jina alipewa na studio, walisema Drabek ni jina la muuza soseji. Alikuwa na taya kama droo iliyosahauliwa wazi, na pua iliyovunjika mara mbili huko kwao Cleveland, mara ya kwanza kwa kreti la bandarini, mara ya pili kwa ngumi ya kaka yake. Mabega mapana. Sauti ya chini, nzito. Ukimwona kwenye bango la sinema ungevuka barabara.

Hakuwa stelingi. Mastelingi ni wale wenye meno mazuri. Yeye alikuwa jambazi, yule anayesimama mlangoni mkono ukiwa ndani ya koti, anasema maneno manne, halafu anakufa. Kwa miaka mitano alikufa mara ishirini na tisa. Alikufa ndani ya gari, alikufa kwenye ngazi, alikufa kwenye kiti cha kinyozi na povu mashavuni. Mara moja alikufa ndani ya pipa la bia, akaumwa mafua wiki nzima.

Na kabla ya kila kifo alitapika. Alikwenda nyuma ya jengo, penye makopo ya rangi, akashika ukuta, akatapika. Mafundi wa taa walimsikia, wakatabasamu.

"Brick jana kamaliza chupa tena."

"Yule bwana ana tumbo la chuma."

Alvin hakunywa hata bia. Aliogopa tu. Aliogopa farasi, aliogopa lifti, aliogopa mbwa wa jirani, ambaye hakumzidi paka. Simu ikilia ghafla mate yalimkauka. Lakini kuliko vyote aliogopa bunduki, na kazi yake ilikuwa bunduki.

Ilianza mwaka 1931. Alikuja California kutafuta mizigo ya kubeba, maana Cleveland mizigo ilikuwa imekwisha. Akapata kibarua cha siku moja kwenye studio. Kazi yenyewe, kusimama na kuwa na sura mbaya. Sura alikuwa nayo.

Siku hizo risasi za sinema zilikuwa risasi kweli. Ilikuwapo njia ya kufukia baruti kidogo ukutani na kuilipua kwa waya, lakini ilitoa moshi mwingi na mashimo yasiyofanana na kitu, na waongozaji waliidharau. Kwa hiyo aliitwa Lute Hanley, mpiga shabaha. Lute alipigana Ufaransa kwenye vita kuu, akarudi na jicho moja linalofumba polepole kuliko jingine. Rashasha yake aliifunga kwa skrubu juu ya kigari cha chuma chenye reli fupi. Mtu alisimama ukutani, Lute akachora mstari wa chaki juu ya kichwa chake, akaifunga rashasha kwenye kimo hicho, kisha akaufuta mstari ili kamera isiuone. Kimo kikishafungwa hakiguswi. Kigari kinakwenda kushoto na kulia tu. Unasema maneno yako, Lute anapitisha mashimo ukutani juu ya nywele zako, na wewe unajitupa chini.

Alvin hakujitupa. Wenzake wawili waliokuwa naye walilala sakafuni hata kabla ya risasi ya kwanza. Yeye alibaki wima. Plasta ilimwangukia mabegani, vumbi likamjaa mdomoni, na uso wake haukusogea.

Mwongozaji, Gus Fennimore, aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"Mmemwona? Mmemwona jamaa? Hata kope hakupepesa!"

Hakupepesa kwa sababu kope nazo zilikuwa zimekufa ganzi. Walimwita atoke pale, hakutoka. Wakadhani anaendelea kuigiza. Lute ndiye aliyemshika kiwiko akamwondoa, polepole, kama unavyomshusha ng'ombe kwenye behewa.

Wiki ile ile akapewa mkataba.

Magazeti yakataka kujua kimo chake. Karani wa studio akaandika futi sita kamili, bila kunyanyua macho. Siku mbili baadaye Alvin akaitwa chumba cha nguo. Akakuta mwanamke mfupi, mwembamba, pini tatu zimebanwa katikati ya midomo yake, utepe wa kupimia shingoni. Verna. Akampima mara moja. Akampima tena. Akazitoa zile pini mdomoni.

"Bwana, wewe huna futi sita."

"Najua, dada."

"Una tano na inchi kumi. Hizi mbili nazitoa wapi?"

"Sijui. Si mimi niliyeandika."

"Leta viatu."

Akamkatia vipande vya ngozi, akavishona vinne vinne, akavitia ndani ya viatu, chini ya kisigino na unyayo. Suruali akazirefusha zifunike. Alvin alipovaa akaona dunia imeshuka kidogo. Alipoona hivyo akaogopa kuanguka, akamshika bega. Verna hakucheka. Akasema tu, "Tembea. Nipo."

Walioana mwaka uliofuata.

Tangu hapo kila siku ya risasi Verna alisimama nyuma ya kamera, pini tatu mdomoni. Ilikuwa haki yake, maana fundi wa nguo lazima awe karibu. Alvin alimtazama yeye. Masikio yalikuwa yanaziba baada ya risasi ya pili, asisikie lolote, hata Fennimore akipiga kelele ya kusimamisha. Basi alitazama ule mdomo. Verna akizitoa pini, yamekwisha. Hapo tu magoti yake yalikubali kukunjika.

Nyumbani Alvin alimwuliza, "Utaniacha lini nikaseme ukweli? Nikabebe makreti?"

"Ukibeba makreti utaogopa makreti."

"Kweli."

"Kula."

Verna alikuwa akipika maharage kwa nyama na pilipili. Alvin alikula kwenye sahani ya bati kwa sababu zile za udongo aliogopa kuzivunja.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1936 Verna akashikwa na kikohozi. Siku kumi na sita. Daktari akasema ni mapafu. Siku ya kumi na saba Alvin aliamka akaikuta nusu ya kitanda imepoa, ingawa Verna alikuwa bado yumo.

Hayo yalimaliza mengi. Alvin alikuwa akitia kahawa vikombe viwili, kisha kimoja anakimwaga. Kisanduku cha Verna cha kushonea kilikaa juu ya kabati la jikoni. Hakukigusa.

Mwezi wa nne studio wakamwita. Picha mpya. Mkataba wake ungeisha Ijumaa, na ofisi ya juu ilikuwa haijasema kama itampa mwingine. Fennimore alimwekea kiti karibu naye, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Brick, sikiliza. Watu wamechoka na kofia. Kila jambazi ana kofia. Safari hii unasimama kichwa wazi."

"Sawa, bosi."

"Na mstari wa Lute. Siku zote vidole vinne juu. Nataka viwili."

Alvin akatazama vidole vyake viwili.

"Viwili ni vichache, bosi."

"Kwa wengine. Wewe ni Brick Stroud. Tena nimemwalika Bibi Thelma Oakes aje aone kwa macho yake. Akiandika vizuri Alhamisi, Ijumaa unatia sahihi. Umenielewa?"

Bibi Oakes aliandika gazetini kila Alhamisi, na Hollywood yote ilimsoma kwanza kabla ya kunywa kahawa. Mwanamke mnene mwenye kofia yenye unyoya na penseli fupi kama jino. Akisema umezeeka, umezeeka.

Jumatano asubuhi wakapiga nusu ya kwanza ya tukio. Alvin anaingia ofisini, anazunguka meza, anasimama kando ya mlango wenye fremu nyeupe. Kimo chake kwenye ile fremu kikaingia kwenye filamu. Mchana wakala, mkate wenye nyama baridi na pai ya tufaa. Alvin hakumeza. Akaenda nyuma penye makopo ya rangi.

Aliporudi, kivuli chake alikuwa bado ukutani.

Kivuli ndivyo walivyomwita Ozzie Pruitt. Mtu mwenye jina haambiwi asimame saa mbili chini ya taa zinazounguza ilhali mafundi wanapanga vitu vyao. Anasimama mtu mwingine wa kimo kile kile, taa zinapangwa juu yake, kamera inapangwa juu yake, na Lute pia alipima juu yake. Ozzie aliifanya kazi hiyo tangu 1932. Aliletwa na Verna mwenyewe. Alikuwa fundi mabomba aliyefilisika, mpole, mwenye mzaha.

"Karibu kwenye tanuri, Brick. Nimekuivishia ukuta."

"Lute ameshapima?"

"Zamani. Amefunga, amefuta, ameenda kuvuta sigara. Shika mahali pako, mimi miguu imeniisha."

Alvin akasogea. Wakasimama uso kwa uso kwenye ile nafasi nyembamba kati ya meza na ukuta, kama walivyozoea kupishana. Na hapo Alvin akaona kitu ambacho miaka minne hakuwahi kukiona. Aliiona njia ya nywele za Ozzie. Ule mstari mweupe katikati ya utosi, na upara mdogo nyuma yake, kama sarafu.

Siku zote macho yao yalikutana sawasawa.

"Ozzie."

"Naam."

"Umekuwa mfupi."

"Nimekuwa mzee, si mfupi."

"Simama wima."

"Nimesimama, bwana wee. Una nini?"

Alvin akamtazama viatuni. Viatu vya kawaida, vya kahawia, vimechakaa pembeni.

"Ozzie, viatu hivyo... unavaa hivyo hivyo siku zote?"

Ozzie akaangalia pande zote, akashusha sauti. "Aa, unauliza zile ngozi? Zile alikuwa ananipa Verna. Kila picha alinitilia mwenyewe, na picha ikiisha anazichukua. Safari hii hakuna aliyenipa. Yule binti mpya wa chumba cha nguo hajui. Mimi nikaona si vizuri kuuliza, na msiba wenu bado mbichi."

"Alikupa kwa nini?"

"Sikumwuliza. Alisema tu nivae na nisikwambie. Akasema ukijua hutalala tena."

Ozzie akampiga bega kidogo, akaenda kutafuta maji.

Alibaki pale ukutani. Sasa alielewa yote kwa pamoja, na yalimjia kama baridi. Ukuta ulipimwa kwa mtu wa futi tano na inchi kumi. Yeye alikuwa amesimama futi sita. Vidole viwili juu ya nywele za Ozzie ni ndani ya kichwa chake yeye. Na miaka yote hiyo, kila risasi iliyompita juu ilipita juu kwa sababu mwanamke mmoja alishona jozi mbili. Alikuwa amesimama nyuma ya kamera na pini mdomoni, anajua, na hakusema neno. Woga wa kitu hicho aliubeba peke yake ili yeye aweze kula na kulala.

Lute alikuwa amerudi, anapachika mkanda wa risasi.

Alvin akafikiria haraka, kadiri mwoga anavyoweza. Aende chooni azitoe ngozi. Akaita, "Bosi, naomba nikajisaidie."

"Tena?" Fennimore akacheka. "Umeshaenda mara tatu tangu asubuhi. Bibi Oakes ataandika una kibofu cha mtoto."

Mafundi wakacheka. Bibi Oakes, aliyekuwa amefika mchana ule, naye akacheka, penseli ikatembea.

"Mara moja tu, bosi."

"Taa zinaungua, Brick. Ukimaliza utakojoa mpaka kesho. Haya, kila mtu mahali pake!"

Akafikiria kupinda magoti. Akajaribu. Hayakupinda. Yalikuwa yamekwisha kukaza, yale yale ya mwaka 1931, yaliyompa jina, mkate na mke. Akiogopa miguu yake ilikuwa miti. Na asingeweza kujitupa chini, hajawahi hata siku moja. Angesimama wima na uso mkavu mpaka mstari umfikie, na watu wangesema mmemwona jamaa.

Kitu kibaya zaidi kilipita akilini, naye akakiacha kipite. Akajiambia, acha. Acha ije. Nyumbani kuna nini? Kikombe cha pili cha kumwaga.

Akatazama nyuma ya kamera kama alivyozoea. Pale pa Verna alisimama Bibi Oakes na unyoya wake.

"Lute, tayari?" Fennimore akauliza.

"Tayari."

"Kamera?"

"Inakwenda."

"Haya, Brick. Maneno yako."

Alvin akafungua mdomo. Maneno yalikuwa manne tu na aliyajua. Yakatoka mengine.

"Subiri. Kimo si changu."

"Nini?"

"Kimo. Si changu."

Fennimore akanyanyua mkono, kamera ikasimama. "Brick, una wazimu? Filamu inateketea."

Alvin akaketi. Hakujua angewezaje kupinda magoti, lakini alipotaka kuketi yalikubali. Aliketi sakafuni, chini ya taa zote, mgongo ukutani, akaanza kufungua kamba za viatu. Fundo la kwanza lilimshinda. Watu zaidi ya thelathini walimtazama Brick Stroud akishindwa na kamba ya kiatu. Akalifungua kwa meno.

Akachomoa ngozi ya kwanza. Akachomoa ya pili. Akaziweka sakafuni kando yake. Zilikuwa nyeusi kwa jasho la miaka mitano.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo alipojua ni mbaya.

"Ozzie," akasema. "Njoo uvae hizi. Usimame."

Ozzie akaja. Akazitia viatuni, akavaa, akasimama ukutani pale alipopimiwa. Lute alikuwa amesimama nyuma ya rashasha yake. Akainama kutazama kwenye shabaha, kwa kawaida tu, kama mtu anavyochungulia saa. Akabaki ameinama.

"Ozzie," Lute akasema, kwa sauti ndogo sana. "Toka hapo."

"Bado sijasimama vizuri."

"Toka hapo. Sasa hivi. Inama, pita pembeni, uje nyuma yangu."

Ozzie akatoka. Lute akainua mkono wake polepole, akautoa mkanda wa risasi, akauweka chini. Lile jicho lake la uvivu lilikuwa wazi kabisa. Akaenda ukutani, akamvuta Alvin akasimama, akachukua kidole chake mwenyewe akakiweka kwenye utosi wa Alvin, ndani ya nywele.

"Hapa," akasema. "Ungekuwa na viatu vile, ingekuwa hapa."

Lute akaishusha mikono. Akaificha mifukoni.

Fennimore akapiga makofi mara mbili. "Basi, vizuri. Kosa limeonekana, Mungu katusaidia. Lute, pima upya. Brick, vaa viatu vyako. Dakika kumi, tunamaliza."

"Hapana, bosi," Alvin akasema.

"Hapana nini?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini, na inapimwa upya?"

"Naogopa tangu mwaka thelathini na moja."

Fennimore akatupa jicho kwa Bibi Oakes, akamsogelea Alvin, akamnong'oneza kwa meno. "Usiseme hivyo mbele ya watu."

"Nimeshasema."

"Wewe ni mtu usiyepepesa kope! Unajua nimeuza uso huo mara ngapi?"

"Zilikuwa ganzi, bosi."

"Na Ijumaa?"

Ozzie alikuwa anazitoa zile ngozi viatuni ili amrudishie. Alvin akatikisa kichwa. "Baki nazo."

Lute akawa anafungua skrubu za kigari, moja baada ya nyingine. Fennimore akamfokea. Lute hakugeuka.

"Miaka yote napima kwa kichwa cha mtu mwingine," alisema. "Tafuta baruti ya waya."

Ijumaa mkataba haukuja. Alhamisi gazeti lilikuwa limekwisha sema kwamba jitu la kutisha la studio fulani lina futi tano na inchi kumi na hofu ya kila kitu, na wiki mbili watu walicheka hadi kwenye duka la maziwa. Ukuta ule ulilipuliwa kwa waya, moshi ukawa mwingi, na aliyesimama mbele yake alikuwa mtu mwingine, mwenye kofia. Lute hakupiga tena karibu na mtu. Alifungua duka la vyombo vya uvuvi. Alvin alikaa miezi minane bila kazi, kisha akaanza kuitwa kucheza muuza baa, mlinzi wa mlango, baba wa bibi harusi. Walimwambia ana uso wa mtu anayesikiliza. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na moja. Aliendelea kutapika, lakini sasa aliwaambia kwa nini, na mara nyingine alimkuta mwingine pale penye makopo, kijana wa sauti nzuri au mwanamke aliyevaa taji, naye ameshika ukuta. Walipishana bila maneno.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumatano ile alitoka studio saa kumi jioni, jua bado kali, amevaa suruali ya jambazi kwa sababu hakuna aliyemkumbusha kuivua. Bila ngozi viatuni suruali ilimzidi. Ilifagia lami mpaka kituo cha tramu. Kwenye tramu mwanamke mmoja alimwambia, "Baba, unakanyaga nguo zako," na Alvin akasema asante.

Nyumbani akasimama jikoni. Aliogopa kukitazama kile kisanduku. Akakitazama. Aliogopa kupanda kiti, ni kirefu, akapanda. Akakishusha, akakiweka mezani. Mfuniko ulikuwa na vumbi la miezi miwili na alama ya zamani ya kikombe.

Ndani, juu kabisa, palikuwa na jozi ya pili. Ngozi nne nne, zimeshonwa kwa uzi uleule. Unyayo wa Ozzie ulikuwa umejichora humo, kidole gumba na kisigino. Verna alizifunga kwa kipande cha utepe kama mtu anayejua zitahitajika mwezi wa nne.

Alvin akaketi. Akavua suruali, akaigeuza upindo, akapima kwa kiganja inchi mbili. Uzi ulimchukua muda mrefu kuingia kwenye sindano. Kushona hakujua, alikuwa anaona tu Verna akishona, jioni, akiwa upande ule wa meza. Akajichoma mara ya kwanza, akaogopa damu. Akaendelea.

Ili mikono iwe huru akachukua pini tatu akazibana katikati ya midomo, kama Verna. Ladha yake ilikuwa ya chuma, na kidogo ya sabuni.

Upindo ukatoka mbaya. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Akakata uzi, akaikunja suruali juu ya meza, akaitandaza vizuri kwa mikono miwili.

Kazi ilikuwa imekwisha. Pini hakuzitoa. Alikaa nazo mdomoni, ameshika ukingo wa meza, jua likiwa bado dirishani, naye anaogopa kuzitoa.